Kopo la Sarafu za Shaba: Je, Kuziweka Kuna Faida?

Swali hili huulizwa sana dukani kwangu, na huulizwa na watu wazima wenye akili zao timamu: je, kuna maana yoyote mtu kujiwekea sarafu za zamani za shaba, hasa zile zenye tundu katikati zilizotumika kabla ya Uhuru, au ni kujaza kabati tu? Nauza bidhaa za rejareja hapa Walukuba, Jinja, mtaa ambao tangu ulipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi umekusanya watu wa makabila mengi, na ndiyo maana Kiswahili husikika hapa kila kona. Sarafu zinazoletwa mezani kwangu hutoka Busoga, Bukedi, West Nile, hata ng'ambo ya mpaka wa Busia, na kila mwenye kuzileta ana matumaini yake. Ninalijibu swali hilo kwa kirefu kwa sababu nimelichunguza kwa mizani, kwa sumaku na kwa biashara yenyewe, na kwa sababu naona watu wakipoteza fedha halali kwa kutolijua.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba hapa Jinja. Vijana wengi hawajui kwamba mji huu ulikuwa na tanuri kubwa la shaba. Mawe yenye madini yalichimbwa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, yakapitishwa kwenye hatua ya kwanza ya usafishaji huko huko, kisha yakapakiwa kwenye treni huko Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956, yakavuka nchi mpaka hapa, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Shaba iliyotoka tanurini ilisafirishwa kwa reli hadi bandari ya Mombasa na kuuzwa nje. Kazi hiyo iliendelea mpaka misukosuko ya nchi ilipoidhoofisha, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imesimama. Baba aliijua shaba kwa macho, kwa uzito na kwa mlio wake ikianguka sakafuni. Kila alipopewa chenji yenye sarafu nyekundu isiyochakaa aliitenga, akaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo lililokaa juu ya kabati, akisema kwamba karatasi huoza lakini shaba haiozi.

Kopo hilo ndilo lililonifundisha. Nilipolirithi nililimwaga mezani na kuzipanga sarafu kwa aina na kwa miaka, kazi ya jioni nyingi, na hapo historia yote ya fedha za eneo hili ikajitokeza. Nyingi zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919 ili kusimamia fedha za Kenya, Uganda na baadaye Tanganyika. Kabla ya hapo watu walitumia rupia. Mwaka 1920 ikaletwa florini iliyodumu kwa muda mfupi sana, na shilingi ikachukua nafasi yake kuanzia 1922. Sarafu ndogo za shilingi hiyo, yaani senti 1, senti 5 na senti 10, zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati kidogo, zikiwa na tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka, na watu wengi walizitunga kwenye kamba kwa kuwa nguo za wakati ule hazikuwa na mifuko.

Kwa kuwa tundu lilichukua mahali pa sura ya mfalme, sarafu hizi zilibeba jina lake tu pamoja na taji. Jambo hilo limeleta ajabu moja ninayopenda kuwaonyesha watoto. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja, mwaka 1936, akajiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia sokoni huko kwao. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye jina lake zilikwisha kutengenezwa na kutumwa, zikatumika katika masoko yetu kama sarafu nyingine zozote. Katika kopo la baba zilikuwemo. Chini ya baadhi yake kuna herufi ndogo H, ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na nyingine KN, ya kiwanda cha King's Norton. Zipo pia za wakati wa Vita vya Pili zenye herufi SA, zilizotengenezwa Pretoria, na za mwisho za mwaka 1964 ambazo hazina tena jina la mtawala wala taji.

Sasa nije kwenye mizani. Senti 10 yenye tundu ya miaka ya 1950 ina uzito wa karibu gramu 9 na nusu, na senti 1 ina karibu gramu 2. Hii maana yake ni kwamba ili upate kilo moja ya shaba unahitaji zaidi ya sarafu 100 za senti 10, au karibu 500 za senti 1. Mwaka 2024, tani moja ya shaba katika soko la metali la London iliuzwa kwa wastani wa dola 9,000 na kitu, na mwezi Mei ikapanda kupita dola 10,000. Tuchukue bei nzuri ya dola 10 kwa kilo, na dola moja tuihesabu kuwa shilingi 3,700 za Uganda kama ilivyokuwa wakati huo. Senti 10 yenye tundu, tukitoa sehemu ndogo ya bati na zinki iliyomo, ina shaba ya thamani ya kama shilingi 330. Haitoshi chapati moja. Sarafu 100 za namna hiyo, ambazo zimemchukua mtu miaka mingi kuzikusanya na ambazo ni mzigo wa karibu kilo nzima, zina shaba ya shilingi 33,000.

Na hiyo ni bei ya London, si ya wanunuzi wa vyuma chakavu wa Masese wala wa Kisenyi. Mnunuzi wa vyuma chakavu humpa bei ya juu mwenye shaba safi ya nyaya za umeme. Sarafu, kwa kuwa zina bati ndani yake, huziweka kwenye kundi la mchanganyiko pamoja na koki za maji na vipande vya redieta, na bei yake hushuka. Nimesimama mbele ya mizani hizo na kusikia bei mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayeweka sarafu kwa nia ya kuuza shaba yake anaweka kitu ambacho hakitaoza, kama baba alivyosema, lakini pia hakitamlipia karo ya mtoto.

Hata hivyo sitaki kumdharau baba, kwa sababu kuna upande mmoja ambao alikuwa sahihi kuliko benki. Mwaka 1966 Benki ya Uganda ilipofunguliwa na kutoa fedha zetu wenyewe, senti 5, 10 na 20 zilikuwa za shaba, bila tundu. Thamani iliyoandikwa juu yake ilikufa kabisa. Baada ya mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 na 1980, serikali mwezi Mei 1987 ilibadilisha fedha kwa kufuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakata asilimia 30. Ukifanya hesabu bila hata kuingiza makato hayo, senti 10 elfu moja zilikuwa sawa na shilingi moja mpya, na sarafu laki moja za senti 10 zingekuwa sawa na shilingi 100, sarafu ambayo leo mtoto huipokea dukani kwangu kama chenji ya peremende. Laki moja! Hicho ni kiasi cha kupakia kwenye pikapu. Aliyeacha noti kwenye godoro mwaka 1966 alibaki na karatasi. Aliyeacha shaba alibaki angalau na shaba. Lakini jirani yake aliyenunua ng'ombe jike au kipande cha ardhi huko Bugembe mwaka huo huo aliwapita wote wawili kwa mbali sana, na hilo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza kama shaba ni akiba.

Jambo la pili ambalo watu hawalitazami ni kwamba si kila sarafu nyekundu ni shaba. Serikali nazo hujua kupiga hesabu, na shaba inapopanda bei wao ndio wa kwanza kuiondoa. Senti 10 zetu za mwaka 1976 ni chuma kilichopakwa shaba juu. Shilingi 1 na shilingi 2 za mwaka 1987 ni hivyo hivyo, na hizi ndizo zinazoletwa kwa wingi zaidi na watu wanaoamini wana hazina, kwa kuwa rangi yake bado inang'aa. Mimi huweka sumaku ndogo iliyotoka kwenye spika iliyoharibika chini ya meza ya mauzo. Sarafu ya shaba halisi haishikwi na sumaku. Ya chuma kilichopakwa hurukia papo hapo. Nakumbuka mama mmoja kutoka Iganga aliyenifikia na mfuko mzima wa sukari uliojaa shilingi za 1987, amezibeba begani tangu stendi ya teksi. Tulizipitia zote pamoja. Alizitazama zikiganda kwenye sumaku kama chungu, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa mama, hata za kuzibandika ukutani hazifai?" Nilimwambia achague kumi nzuri awawekee wajukuu, na nyingine asisumbuke kurudi nazo.

Vilevile zipo sarafu za majirani zinazochanganywa humo. Senti 5 na 10 za Kenya za tangu 1966 zina rangi ya manjano kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, wakati senti 5 ya Tanzania ya miaka hiyo, yenye picha ya samaki, ni ya shaba nyekundu. Zote mbili ni nyingi mno kuwa na bei.

Anayetaka kujua kama chenji ya leo ina chochote cha kuweka, na azitazame shilingi 100 na 200 za mwaka 1998, zenye ng'ombe wa pembe ndefu na samaki. Zile za mwanzo zilitengenezwa kwa shaba na nikeli, na ingawa rangi yake ni nyeupe sehemu kubwa ndani yake ni shaba. Zilizotolewa baadaye, zenye picha zile zile, ni chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku hutofautisha. Sarafu ya 100 ya aina ya kwanza ina uzito wa karibu gramu 7, na metali iliyomo, kwa hesabu ile ile niliyoitumia juu, inazidi shilingi 100 zilizoandikwa juu yake. Hii ni sarafu inayopita mkononi mwangu kila siku ambayo inafanana na zile alizokuwa akizitenga baba. Simshauri mtu yeyote kuiyeyusha, kwa maana hiyo ni fedha halali ya nchi na mimi ninaihitaji kwa chenji. Lakini mwenye kutaka kuweka kitu bila gharama anaweza kuitenga, kwa sababu kwa ubaya wowote bado itabaki shilingi 100.

Wamarekani wameishi na swali hili kwa miaka mingi zaidi yetu, na mfano wao unasaidia. Senti yao moja mpaka mwaka 1982 ilikuwa na uzito wa gramu 3.11, na asilimia 95 ya uzito huo ilikuwa shaba. Katikati ya mwaka huo walibadilisha, ikawa zinki iliyopakwa shaba, ya gramu 2.5. Kwa bei ya dola 10 kwa kilo, senti ya zamani ina shaba ya karibu senti 3, mara tatu ya thamani yake. Ndiyo maana wapo watu huko wanaochukua mabunda ya senti benki na kuzichambua. Lakini serikali yao imepiga marufuku kuziyeyusha tangu mwishoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo faida hiyo ipo kwenye hesabu tu. Mwezi Novemba 2025 waliacha kabisa kutengeneza senti kwa ajili ya matumizi ya kawaida. Waingereza nao waliondoa shaba katika peni yao mwaka 1992 na kuweka chuma kilichopakwa. Sisi tunayo nafuu moja ambayo wao hawana, kwamba mtu anayezikusanya senti zetu za tundu hashindani na benki yoyote wala mashine yoyote ya kuchambua. Na tuna hasara moja, kwamba haziingii tena kwenye chenji, kwa hiyo zinazopatikana ni zile zilizokwisha kulala kwenye makopo na mifuko ya wazee.

Kitu kilichonishangaza zaidi katika kopo la baba hakikuwa shaba. Chini kabisa, alikozitupa kwa kuwa hazikuwa nyekundu, zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki zenye simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hizo, kuanzia 1921 mpaka 1946, zilikuwa na fedha halisi, ile metali nyeupe ya vito, kwa kiasi cha robo ya uzito wake. Kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli. Uzito wake unakaribia gramu 7.8, hivyo kila moja ina karibu gramu 2 za fedha. Kwa bei ya mwaka 2024, ya takriban dola 30 kwa wakia, hiyo ni karibu dola 2, zaidi ya mara ishirini ya shaba iliyomo katika senti 10. Watu huja kwangu wameshika senti za tundu mkono wa kulia na simba mkono wa kushoto, wakaulizia za kulia. Mimi huwaomba waanze na mkono wa kushoto, na watazame mwaka.

Kuhusu wakusanyaji, yaani wale wanaonunua sarafu kwa ajili ya sarafu yenyewe, nimeuza kidogo kwa wageni wanaokuja kutazama chanzo cha Nile na kwa watu wa Kampala. Niliyoyaona ni haya. Senti ya tundu ya kawaida iliyosuguliwa na mikono ya miaka arobaini hupata bei ya kinywaji baridi ikiwa mnunuzi ni mpole. Ile ile, ikiwa bado ina wekundu wake wa kiwandani na herufi zinasomeka bila kukunja macho, hupata mara kadhaa ya hiyo. Za Edward wa Nane zina hadithi nzuri lakini si adimu, kwa hiyo ni za dola chache. Umri peke yake si kitu: paisa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyomleta huku Lugard, yule afisa wa Kiingereza, ina zaidi ya miaka 130 na bado mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua, ilhali shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, ile ya pembe saba, ambayo ni ya juzi tu kwa kulinganisha, hutafutwa sana kwa kuwa karibu zote zilirudishwa na kuyeyushwa.

Na tafadhali, mwenye sarafu asizisafishe. Ninasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona sarafu nzuri zikiharibiwa na ndimu, majivu na steelwool na watu waliotaka kunifurahisha. Ule weusi laini unaotanda juu ya shaba ndio ngozi yake. Ukiutoa, mkusanyaji anaona mara moja na bei inaanguka. Kinachopaswa kuzuiwa ni ukungu wa kijani, ambao hapa kando ya ziwa huja haraka kwa sababu ya unyevu. Bahasha ndogo za karatasi kavu, kila sarafu peke yake, zinatosha, na kopo liwekwe mbali na sakafu na mbali na chumvi ya jikoni.

Kuna soko jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Wapo waganga wanaoagiza wagonjwa wao walete senti za tundu pamoja na simbi, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani hatapiga bei, atalipa lolote. Mimi siwauzii kwa bei ya dhiki, huwapa kwa bei ile ile ya mtoto wa shule. Halafu wapo matapeli. Mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa reli, alipigiwa simu na mtu aliyedai kununua senti 10 ya mwaka 1964 kwa mamilioni, mradi kwanza atume ada ya usajili kwa simu. Alikuja dukani kuweka fedha kwenye laini yake ili atume. Nilimwomba, "Mzee wangu, kaa kwanza," nikamletea kutoka ndani sarafu kiganja kizima, zote za 1964, nikamwambia achukue azitakazo bure. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akazima simu. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha na kuchukua sarafu. Hana haja ya ada yoyote kutoka kwako.

Kwa kopo la baba nimefanya hivi. Simba wote wa kabla ya 1948 nimewaweka. Katika senti za shaba nimechagua moja nzuri kwa kila aina, kila mtawala na kila herufi ya kiwanda, nikaziandikia bahasha, na mwanangu wa kwanza anajua zilipo na ni za nini. Mwalimu wa historia wa shule ya jirani alichukua mfuko mmoja wa zilizochakaa kwa ajili ya darasa lake. Zilizobaki, zile za tundu zisizosomeka pamoja na senti za Uganda za 1966 zilizolika kingo, niliziuza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikampokonya bei kadiri nilivyoweza, na fedha hiyo niliipeleka siku hiyo hiyo kwenye SACCO yetu ya mtaa, kwenye akaunti ya karo ya mjukuu wa baba anayebeba jina lake.